Mwaka wa Simu ya Ufunguo

Tulimzika Bhoke Jumamosi, kwao Nyambureti, pembeni ya shamba la mtama lililokuwa limevunwa nusu. Nilishuka basi Mugumu, nikachukua pikipiki, na bei tulipatana mara mbili: mara ya kwanza kabla sijapanda, mara ya pili katikati ya njia, kijana alipokumbuka ghafla kwamba kuna mchanga. Msibani nikapewa nafasi upande wa wanaume, kwenye benchi lililoazimwa kanisani. Kaka wa marehemu, Chacha, akaja akishika mikono ya benchi zima, mmoja baada ya mwingine, asante kwa kuja, asante kwa kuja. Alipofika kwangu akauruka mkono wangu, akashika wa jirani. Mkono wangu ukabaki hewani kama wa mtu anayesimamisha gari. Jirani aliona, akajifanya anatafuta kitu chini ya benchi. Mimi sikushangaa. Nilishangaa zaidi kwamba nilipewa benchi.

Kwa Chacha hesabu ni rahisi, na hata mimi, ningekuwa mteja, ningeinunua bila kuomba punguzo. Mwaka ule wa dhahabu dada yake na mimi tulikuwa na kazi moja ya siri, yeye kambini Kewanja, mimi Tarime mjini. Siri ikavuja. Mmoja akaondolewa, mwingine akabaki na kazi yake na kiti chake. Basi aliyebaki ndiye aliyeuza. Wanawake walikuwa wakipakua ugali nyuma ya nyumba, wakibishana nani kampa nani mnofu, na mimi pale kwenye benchi nikaurudia mwaka ule tangu mwanzo, kama mtu anayehesabu upya chenji ambayo alishaihesabu.

Kabla ya hapo nilikuwa nauza mitumba sokoni Tarime. Mhandisi wa Kampuni alikuja kununua koti, mtu mpole wa Songea, ameletwa Mara na kazi na anaogopa baridi ya asubuhi. Nilimbana kwenye lile koti mpaka akacheka. Mwisho akasema, "Wewe Mwita, mdomo wako unajua kufunga na kufungua. Njoo ofisini." Kampuni ilikuwa ya kutafuta dhahabu, na jina lake siliandiki kwa sababu lilibadilika mara nyingi kuliko sare zetu. Watu waliiita Kampuni, ikatosha. Ofisi ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa. Chumba cha mbele kilikuwa na ramani na Mhandisi. Cha nyuma kilikuwa na dirisha moja lililopigwa mbao, meza, mimi, na ile simu.

Simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika kwetu, na simu ya kawaida ya mezani ulikuwa ukiipiga huku unajua kwamba unaongea na ukoo mzima. Yetu ilikuwa nyingine. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, rangi ya majivu, na pembeni ilikuwa na tundu la ufunguo wa plastiki uliolingana na kidole gumba. Ufunguo nilipewa kwa kusaini, nikauvaa shingoni. Unachomeka, unazungusha, unapiga kama simu yoyote. Mwenzako anapokea, mnaongea wazi. Mkitaka siri, mmoja anabonyeza kitufe, na hapo mashine zote mbili zinanyamaza, zinakoroma, zinaulizana mambo yao, na baada ya muda wa kumeza tonge mbili kioo kidogo kinaandika jina la aliye upande wa pili. Kikiandika KAMBI, mmefunga. Kuanzia hapo sauti ya mwenzako inakuja kama ya mtu aliyeingiza kichwa kwenye mtungi, lakini hakuna mtu mwingine duniani anayeambulia kitu isipokuwa mchakacho. Alasiri tulikuwa na simu ya takwimu. Kambi wanaunganisha kompyuta yao, tunafunga, tunaweka mikonga chini, na mashine yangu inaanza kutema karatasi yenye majibu ya miamba. Wakati huo hairuhusiwi hata kukohoa karibu na meza. Mimi nilikuwa natoka nje kabisa, maana sikutaka hata kikohozi changu kije kutajwa.

Bhoke nilimjua kwa sauti mbili kabla sijamjua kwa uso: ile ya wazi, kavu kidogo, yenye kicheko nyuma yake, na ile ya mtungini. Kila asubuhi tulianza kwa ya wazi. "Umeamkaje dada? Umekula nini?" Yeye angesema uji, au ugali wa jana na dagaa, mpishi wetu amelewa. Mimi ningemwambia chapati mbili na maharage ya nazi ya Mama Zuhura. Mama Zuhura alikuwa mke wa mwenye duka, watu wa Tanga waliohamia zamani, na aliuza chakula uani, chini ya mabati, akiwatukana wateja wake kwa adabu kubwa. "Mura, utanenepa ufe," Bhoke angesema, akiniita kijana kwa lugha ya kwetu, na ndipo tungefunga. Halafu zikaja simu za wakubwa, na hizo nilikuwa nazisikiliza kwa lazima, kwa kuwa Mhandisi hakuwa na simu nyingine ya aina ile na chumba changu hakikuwa na pa kwenda. Upande wa kambi mkubwa alikuwa Mzee Marwa, sajini mstaafu, ndiye aliyewajua wenye mashamba wote toka Kewanja mpaka mtoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Nyumbani wazima?"

"Wazima. Kuna ndama anakohoa."

"Pole mzee. Mvua?"

"Ya kulowesha vumbi tu."

"Na yule mzee wa kwenye mawe mawili, sukari ameshapelekewa?"

"Amepelekewa, na majani ya chai. Amefurahi sana. Anasema karibuni hata Jumatatu."

"Haya mzee. Tufunge?"

"Tufunge mwanangu."

Hakuna aliyeona ajabu hapo. Kwetu huwezi kutoboa ardhi ya mtu hujafika kwake na sukari, ukaketi, ukaulizwa habari za kwenu. Na Mhandisi alikuwa amelelewa vizuri. Mzee akiwa bado anakuuliza hali, kumkatia maneno ili ubonyeze kitufe ni kama kumfungia mlango puani. Walikuwa wakisalimiana mpaka salamu ziishe zenyewe, ndipo wafunge, ndipo Mhandisi ateremshe sauti na kusema kazi. Mimi nilikuwa nawaona kuwa watu wenye heshima zao. Bado nawaona hivyo.

Matatizo yalianza masika. Mashine ya kutoboa ikifika mahali, inakuta watu wamefika kwanza. Jana palikuwa na nyasi na mbuzi, leo kuna nyumba za mabati zisizo na milango, miti ya kahawa iliyopandwa pamoja na makopo yake, na mistari ya mkonge iliyonyooka kama gwaride. Watu wa kwetu wanaita kutegesha: unajenga leo ili Kampuni ikulipe fidia kesho. Mara ya kwanza wakubwa walicheka. Mara ya pili Mhandisi aliacha kucheka. Mara ya tatu akaja Afande.

Afande hakuwa afande tena, alikuwa amestaafu, lakini jina lilikuwa halijastaafu. Aliletwa na makao makuu kulinda habari. Alikuwa na viatu vinavyong'aa katika mji usio na lami, na alikuwa na tabia ya kuuliza swali, kukaa kimya, kisha kuuliza swali lile lile kana kwamba la kwanza lilijibiwa na mtu mwingine. Alikagua dari ya chumba changu kwa fimbo. Alikagua mbao za dirisha. Alikwenda uani akachokoa sufuria ya maharage kwa kijiti, Mama Zuhura akamtazama, akasema, "Baba, ukimkuta mpelelezi humo niambie, nimuongezee nazi." Afande hakucheka. Mimi nilicheka, na kicheko changu kikaandikwa.

Ule ndio wakati niliojifunza jinsi hofu inavyoingia nyumbani kwa mtu. Nilianza kumtazama mwenye duka anavyopima kitambaa: kwa nini anapima polepole Mhandisi akipiga simu? Nilianza kuwatazama madereva. Afande aliniita chumba cha mbele akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini, kama anayeniuzia saa ya wizi, "Mahali pa kutoboa panajulikana na watu wanne. Mhandisi, Mzee Marwa, wewe, na yule msichana. Wakubwa hawawezi kujiibia. Kijana, ni wewe au ni yeye. Ukinisaidia, si wewe." Nilikuwa nimeshauza sokoni miaka ya kutosha kujua bei kama ile. Anayekuambia hivyo saa tatu asubuhi, saa nne amemwambia na mwenzako. Na kweli, siku ile Bhoke aliponiuliza nimekula nini, niliisikia sauti yake ikinipapasa mifuko. Nikajibu, "Chapati," nikaacha kutaja ngapi. Yeye hakusema nitanenepa nife. Tukafunga haraka.

Nilimshuku Bhoke. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, na sioni cha kuficha: mtu akikuambia kati yenu wawili mmoja ni mwizi, na wewe unajijua, utafika wapi? Lakini nilipoipiga hesabu mara ya pili haikukubali. Tangu masika mkonge ulipandwa kwa watu wa huku, upande wa Tarime, watu ambao hawakuwa ndugu zake wala majirani. Mtu anayeuza habari kwanza anawapa wa kwao. Kwao Bhoke ilikuwa ng'ambo ya mto Mara, Nyambureti, na huko hakuna aliyewahi kupanda hata mche mmoja wa ajabu.

Afande naye alikuwa ameliona hilo. Akaja na karatasi. "Leo utampigia yule msichana. Ujumbe huu unampa yeye mwenyewe, kwa siri, aupeleke kwa Mzee Marwa. Mzee nimeshamwambia." Nikausoma. Mashine ya kutoboa itavuka mto Jumatano, ielekee Nyambureti, upande wa shule. Nikausoma tena. Shule ile nilikuwa naifahamu kwa maneno ya Bhoke mwenyewe, asubuhi nyingi za wazi: mama yake analima mlangoni pake, mbuzi wake wanakula maua ya mwalimu mkuu. Afande akavuta kiti, akakaa nyuma ya bega langu. Nilikuwa nasikia anavyopumua kwa pua.

Hesabu ilikuwa hivi. Bhoke akimwambia mama yake apande mkonge, Afande atakwenda Nyambureti, ataukuta, na kazi yake imekwisha: Bhoke polisi, mimi msafi. Nikikaa kimya tu, nimeokoka bila kutoa jasho. Nikimtahadharisha kwa wazi, Afande anasikia. Kwa siri, Afande yuko hapa begani. Hakuna mahali kwenye simu ile pa kuweka neno langu. Nikapiga. Ikalia. Akapokea, "Haloo, umeam..." nami nikabonyeza kitufe.

Katika mwaka mzima sikuwahi kumfungia bila salamu. Hakuna aliyewahi kumfungia mwenzake hivyo kwenye simu ile. Mashine zikakoroma, zikaulizana, kioo kikaandika KAMBI. Sauti ya mtungini ikaja taratibu. "Mwita? Kuna nini?"

"Pokea ujumbe."

Nikausoma neno kwa neno. Kisha akaurudia neno kwa neno, kama inavyotakiwa, Jumatano, Nyambureti, upande wa shule. "Kuna kingine?"

"Hakuna."

"Haya."

Nikaweka mkonga chini, mgongo umelowa. Afande akanipiga bega. "Leo ndiyo nimeona mtu wa kazi! Kanuni inasema ufunge mara tu akipokea. Hamna mambo ya umekula nini." Akaondoka anang'aa juu hadi chini.

Alikwenda Nyambureti mwenyewe Jumanne, na Jumatano, na tena Ijumaa. Alikuta mtama, mbuzi, na mwalimu mkuu aliyemkaribisha maziwa. Hakuna mche. Na wiki ile ile, kule kwenye mawe mawili, mahali pa kweli, zikaota nyumba kumi na kitu, moja ikiwa na dirisha la kuchora kwa mkaa. Mhandisi akaniita nisikilize, uso wake umechoka. Nikasema, "Afande, si umeona? Bhoke ni msafi. Na mimi."

Afande akakaa kimya muda wake. "Hapana. Nimeona kwamba mlijua ni mtego."

Nikamtazama Mhandisi anisaidie. Mhandisi akatazama ramani.

Bhoke alikuja Tarime kwenye gari la sampuli siku chache baadaye. Hiyo ndiyo siku niliyomwona uso. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake, na alikuwa na pengo dogo la mbele ambalo sikulitegemea. Nilimpeleka uani kwa Mama Zuhura, akala samaki kwa ukimya, akimaliza kila mwiba. Madereva walikuwa wamekaa meza ya pili wakibishana juu ya kichuri, ule mchuzi wa matumbo, mmoja anaapa kwamba bila nyongo si kichuri ni supu ya wagonjwa, na kelele zao zikatufaa.

"Ulinifungia bila salamu," alisema.

"Nilifuata kanuni."

"Wewe? Kanuni?" Akacheka kwa mara ya kwanza tangu masika. "Nikajua humo chumbani kuna mtu, na kwenye ujumbe kuna ndoano. Mama yangu yuko pale pale, Mwita. Ningemwambia neno moja tu na angepanda mpaka jikoni. Sikusema." Akasukuma sahani. "Lakini nikaanza kujiuliza, huyu ametoa nini pale mwanzo, mpaka simu ikawa tupu hivi? Tunasema nini kabla ya kufunga?"

Kisha akanieleza habari ya redio ya mpishi. Jumapili mpishi alikuwa anatafuta mpira, anazungusha kitufe kwenye masafa mafupi, na kutoka kwenye redio ile ikatoka sauti ya Mzee Marwa, ambaye muda huo alikuwa ndani ya hema la simu hatua chache kutoka jikoni. Shikamoo, marahaba, ndama anakohoa. Safi kama ibada. Simu ya kambi haikuwa na waya, ilipita hewani kwa mlingoti wa kilimani, na kila kilichokuwa wazi kilikuwa cha kila mwenye redio nzuri. Mpishi akadhani ni miujiza, akaongeza sauti. Ikafika kwenye sukari, imepelekwa kwa nani, lini anawakaribisha. Kisha "tufunge mwanangu," na redio ikaanza kukaanga mafuta.

Niliweka kijiko chini. Sukari. Walikuwa wanataja shamba na siku kwenye salamu, kisha wanafunga kwa ufunguo na kuvirudia vile vile kwa kunong'ona. Kule Sirari mpakani kulikuwa na madalali wenye redio kubwa kuliko makabati, na madalali ndio walikuwa wakiwapa watu mabati kwa mkopo. Hakuna aliyeuza chochote. Watu wawili wenye adabu walikuwa wamekitoa bure.

"Nakwenda kumwambia Afande," Bhoke akasema.

"Usiende."

"Kwa nini? Tumepona, wewe na mimi."

"Dada, nisikilize. Yule mtu anatafuta panya. Ukimwonyesha tundu, atakuuliza umelijuaje."

"Wewe unashuku kila mtu."

"Ndiyo maana bado nina meno yote."

"Basi mimi pengo hili litanitosha," alisema, akanawa, akaingia ndani kabla sijamaliza chai.

Nilisimama kwenye korido kati ya majora ya vitambaa nikisikiliza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, redio, mlingoti, sukari. Afande akanyamaza. Akauliza amelijuaje. Akaeleza tena. Afande akanyamaza. Akauliza tena. Kisha nikamsikia akisema, bila hata kupandisha sauti, "Kwa hiyo muda wote huu ulijua siri zetu zinapatikana kwenye redio ya jikoni. Na jikoni ni kwenu." Mhandisi alikuwa humo. Nilisubiri aseme neno, kwa sababu salamu zilikuwa zake. Nilisikia kiti chake kikilia tu. Makao makuu wakijua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akitangaza mashamba hewani pamoja na habari za ndama, asingekula mwisho wa mwezi ule Tarime. Alikuwa mtu mwema. Alikuwa pia na koti moja la baridi na watoto wanne shuleni Songea.

Bhoke akawekwa chumba cha mbele kusubiri gari la polisi. Hapo ndipo nilipoingia kufanya biashara pekee ya maana niliyowahi kufanya. Niliwavuta Afande na Mhandisi chumba changu cha nyuma, nikafunga mlango. Sikuomba huruma, huruma haina bei, huwezi kuipandisha. Nilisema, "Mpelekeni. Polisi watamuuliza. Ataeleza redio. Watamuuliza ni sauti za nani, atazitaja. Na mimi nitaitwa, nitaapishwa, nami nilikuwepo kila simu. Sukari itasomwa mahakamani, Mhandisi, na shikamoo zake zote." Mhandisi akawa na rangi ya ile simu. Afande akanitazama kama anayepima kitambaa. "Unataka nini?"

Nilianza juu: arudi kazini na aombwe radhi. Afande alianza chini: rumande. Tulikwenda hivyo, ngazi kwa ngazi, mpaka tukakutana mahali. Polisi hapana. Aondoke leo, na barua inayosema kazi aliifanya vizuri. Salamu hazitajwi na mtu yeyote, popote. Nilidhani tumemaliza, Afande akaongeza lake la mwisho, kama muuzaji anayeshika chenji. "Na asijue kuna mtu amemwombea. Akijua ana mtu ndani, atarudi kwake. Nikisikia amejua, gari la polisi lina mafuta." Niliutazama mlango. Nje Bhoke alikuwa anakohoa, amekaa peke yake chini ya ramani. Nikasema sawa.

Akatoka na barua yake. Alinikuta kwenye korido. Hakuniuliza kitu, alinitazama tu kifuani, pale ufunguo ulipokuwa unaning'inia, kisha akaenda stendi.

Baada ya hapo ikaja amri kwamba simu ifungwe mara inapopokelewa. Mzee Marwa alifungiwa puani mara tatu na Mhandisi. Mara ya nne hakupokea. Alituma dereva na ujumbe kwamba wakipata muda wa kumsalimia wamjulishe. Mwisho wa kiangazi shughuli zote zilikuwa zinakwenda kwa barua mkononi mwa dereva, na simu ya ufunguo ilikuwa na usalama kamili, kwani ilikuwa haiongei na mtu. Nilikuwa naifuta vumbi.

Kabla ya hapo, kama mwezi tangu Bhoke aondoke, simu ya kawaida ya chumba cha mbele ililia nikapokea mimi. Alikuwa anapiga toka kibanda cha Mugumu. Nyuma yake kulikuwa na foleni, nilisikia mtu akilalamika ana mgonjwa.

"Mwita. Nataka neno moja tu. Ni wewe?"

Afande alikuwa mlangoni anapiga kiatu brashi. Brashi ikasimama.

"Hapana, dada."

"Basi ni nani? Mimi niliingia na ukweli nikatoka na barua. Wewe ulikuwa korido, viatu vyako niliviona chini ya mlango. Ni nani alisema nini humo ndani?"

Nilikuwa na jibu lote mdomoni, na mashine ya siri kuliko zote wilayani ilikuwa chumba cha pili, na isingenifaa, kwa kuwa kibanda cha Mugumu hakikuwa na ufunguo. "Sijui, dada," nikasema. "Umekula nini?"

Sarafu ikaanguka upande wake. "Nimekula," alisema, na simu ikakatika.

Kampuni iliondoka, Afande akaenda kwao, Mhandisi tulisikia amefariki. Mkataba wetu ukafa na wenyewe. Nilikwenda Mugumu mara moja, Bhoke akiwa ameshaolewa na ana duka la dawa za mifugo. Alinipa chai, maziwa mengi, sukari nyingi, akanisikiliza nikizungumzia bei ya mitumba. Mara mbili nilianza kusema. Lakini nimeuza vitu maisha yangu yote, najua muuzaji anayeapa anavyosikika, na nilikuwa naona machoni mwake kwamba anasubiri niape. Nikashukuru chai.

Sasa pale msibani, watu walipokwisha kula na vijana wakaanza kurudisha mabenchi, nilimfuata Chacha nyuma ya zizi. Alikuwa anafunga kamba ya ng'ombe na hakugeuka. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: redio ya mpishi, sukari, korido, polisi, ngazi kwa ngazi mpaka pale tulipokutana bei. Sikuapa. Alifunga kamba ile, akaifungua, akaifunga tena. Nilipomaliza alisimama akaniangalia kwa muda, mzee mwenzangu, macho mekundu ya moshi na kulia.

"Habari hii," alisema, "ungeileta akiwa hai, mura, tungekuchinjia."

Akachukua ndoo, akaenda kuwanywesha ng'ombe.